Kura ya Kandambili

Jumatatu, 3 Machi

Sista ameniambia niandike kila siku dawa zinavyonifanya, daktari atasoma. Haya: masikio yanavuma, mdomo una ladha ya chuma, tumbo halina adabu. Kazi ya Sista imekwisha. Ukurasa uliobaki ni wangu.

Tuko wanne katika wodi hii ya wanawake wa kifua. Kitanda cha mlangoni ni cha Mwalimu, mstaafu, mwembamba, anayesahihisha hata namna watu wanavyosalimiana. Kinafuata changu. Mimi ni fundi cherehani, na humu ndani wananiita Fundi tu. Kisha Mama Pacha, mcheshi, mama wa mapacha anaowaona Jumamosi kwa mbali, wao wakiwa nje ya uzio. Dirishani yupo Kinda, msichana wa miaka kumi na sita, mdogo kuliko wote, ndiyo maana tukamwita hivyo. Ugonjwa wetu ni mmoja, kifua kile kile kila mtu anachokijua, ila chetu kimekuwa sugu na dawa za kawaida kinazicheka. Hatoki mtu mpaka makohozi yake yapimwe mara mbili mfululizo na yote mawili yawe safi. Ukipata safi moja kisha chafu, unaanza upya.

Mlango haufungwi kwa kufuli. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Wangetufungia ningewatukana nikapumua. Kuna mstari mwekundu tu sakafuni, na akili zetu wenyewe ndizo askari.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimetapika. Basi.

Jumapili, 9 Machi

Madirisha ya wodi hayafungwi, amri ya daktari, ili hewa ipite. Mvua nayo imesikia ni hewa, imeingia. Tumemsogeza Kinda na kitanda chake katikati kama meza ya harusi.

Wanafunzi wa zamani wa Mwalimu wamemletea kitabu, kile ambacho vijana wote wanakigombania, *Mji Bila Lango*. Kitu kikiingia wodini hakitoki, kwa hiyo ni chetu sote, na kila mtu alikitaka leo leo. Mama Pacha na Kinda wamekivuta huku na huku mpaka nikaona aibu. Nikawaambia kitabu ni nguo tu, kina mshono. Nikaomba wembe kwa Sista, nikafumua mgongo taratibu, nikakigawa mafungu manne. Mwalimu alifumba macho kama anayechomwa sindano. Fungu linaanzia kitanda cha mlangoni, likisomwa linahamia kitanda kinachofuata, mpaka dirishani kwa Kinda. Baadaye nitakishona.

Mwalimu anasema mimi ni mshenzi. Lakini yeye ndiye aliyenyakua fungu la kwanza.

Ijumaa, 14 Machi

Sijalala mchana siku nne. Habari yenyewe ni hii: kuna mji uliozungushiwa ukuta baada ya ukame, maji yanapimwa kwa kikombe, na watoto wanaambiwa nje hakuna kitu. Msichana mmoja, Tone, anagundua kuwa lango lipo, limefichwa nyuma ya pampu. Nilimpenda Tone tangu ukurasa wa pili, kwa sababu ana hasira. Namwomba Mwalimu asome haraka haraka, naye anasoma kama anayehesabu mchele.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemaliza. Nimekasirika mpaka presha imepanda, Sista amepima mara mbili.

Msichana anasukumwa kurasa zote zile. Anafika langoni. Lango liko wazi, mlinzi amelala, upepo wa nje unampiga usoni. Naye anafanya nini? Anageuka! Anarudi ndani kuwaamsha wengine, na kitabu kinaishia kwenye ngazi, amesimama gizani, anagonga mlango wa jirani. Hatujui kama alifunguliwa. Huyu mwandishi angekuwa mteja wangu ningemrudishia kitambaa chake.

Mwalimu anasema huo ndio mwisho bora aliowahi kuusoma. Bila shaka. Mwalimu hata kutoroka angeomba ruhusa.

Jumanne, 18 Machi

Kila jioni simu ya Kinda inalia. Ni mdogo wake, miaka kumi, wanamwita Kiduchu. Mama yao ni dobi, anaondoka alfajiri na kurudi amechoka, kwa hiyo Kinda ndiye aliyemlea huyo mtoto, amemsuka, amemwogesha, wamelala kitanda kimoja tangu aachishwe ziwa. Kinda anaweka sauti kubwa tusalimie wote.

"Dada, lini?"

"Karibu."

"Jana ulisema karibu."

"Karibu ya leo iko karibu zaidi."

Zamani simu hiyo ilikuwa inanikera. Siku hizi ikichelewa nauliza.

Jumamosi, 22 Machi

Sinema! Mume wa Mama Pacha ameiweka kwenye flashi, akaipitisha dirishani kwa fimbo. *Mji Bila Lango*, picha nzima, kwenye televisheni ya wodi yenye mstari wa kijani katikati. Mume wangu naye alikuja, akasimama uzioni chini ya mwavuli, nikampungia mkono wa haraka haraka kwa sababu Tone alikuwa tayari kwenye pampu. Nitamwomba radhi wiki ijayo.

Jamani. Katika sinema Tone hageuki. Lango liko wazi, mlinzi amelala, anatoka. Anakimbia kwenye majani mpaka picha inakuwa nyeupe kwa jua. Mama Pacha alipiga vigelegele akakohoa hadi akaletewa oksijeni. Kinda alikuwa amekumbatia magoti na machozi yanaingia ndani ya barakoa.

Mwalimu akazima televisheni. "Wameharibu kitabu," akasema.

"Wamekitengeneza," nikasema.

Jumapili, 23 Machi

Tumebishana kutwa. Nimefurahi. Sijafurahi hivi tangu niingie humu.

Mwalimu anasema mtu hapimwi kwa kutoka, anapimwa kwa anaowaacha nyuma. Mimi nasema aliyetoka ndiye shahidi kwamba nje kupo. Aliyerudi ni hadithi tu. Mama Pacha yuko upande wangu saa za asubuhi, baada ya chakula anahamia kwa Mwalimu. Kinda amepokea fungu la mwisho la kitabu jana, akaliweka chini ya mto. Hajalifungua.

"Mbona husomi?" nikamwuliza.

"Sitaki kumwona akirudi."

Nikamwambia Mwalimu, umeona? Mtoto ana akili kuliko mwandishi.

Jumapili, 30 Machi

Majibu yametoka. Mimi safi, ya kwanza. Mama Pacha bado. Mwalimu bado. Kinda alikuwa na safi moja ya mwezi uliopita, sisi tulishaanza kumwonea wivu. Leo imekuja chafu, kwa hiyo anaanza upya.

Sista alimshika bega akamweleza polepole: dawa zinafanya kazi, akivumilia atapona, akiacha sasa ugonjwa utarudi na meno mapya, na huenda dawa za kuutibu zisiwepo. Tena atawapa wanaolala naye. Alisema yote hayo wazi wazi, mbele yetu. Kinda akaitikia "ndiyo Sista, ndiyo Sista."

Jioni simu ikalia. Hakuipokea. Ikalia tena. Ikabidi mimi nipokee, nikamwambia Kiduchu dada yake amelala.

"Anaumwa zaidi?"

"Hapana, mama. Amechoka tu."

"Mwambie nimejisuka mwenyewe. Vibaya."

Jumatano, 2 Aprili

Mvua ya mawe. Shuka zote zimelowa. Mwalimu amenifuata bafuni, ambako hanifuati kamwe, akasimama mlangoni na taulo lake.

"Fundi, punguza."

"Nipunguze nini?"

"Haya maneno ya kutoka. Mtoto anasikiliza."

Nikacheka. Nilimwambia waziwazi: "Mwalimu, umeona unashindwa, sasa unataka refa asimamishe mpira." Akakunja taulo, akasema, "Sizungumzii sinema." Akaenda zake. Nami nikarudi kitandani nimejaa ushindi. Amezoea kusikilizwa na darasa zima, huyu mama, hajazoea kupingwa na mshona sare.

Ijumaa, 4 Aprili

Mama Pacha ametoa wazo: mjadala rasmi Jumapili, kila upande na msemaji wake, kisha kura. Kura zitapigwa kwa kandambili. Ukiwa upande wa kitabu unaweka kandambili zako chini ya dirisha. Ukiwa upande wa sinema unaziweka mlangoni, kwenye mstari mwekundu. Sista atakuwa mwenyekiti kwa sababu yeye peke yake ana viatu vya kufunga.

Nimejiandaa kama bibi harusi.

Jumapili, 6 Aprili

Niandike vizuri, siku kama hii haiji mara mbili.

Mwalimu alianza. Alisimama wima, ameshika nguzo ya dripu, akasema Tone wa kitabu ni mkubwa kwa sababu alikuwa huru na bado akakumbuka. Alisema sinema imemwuzia kijana peremende: kimbia, jua litakupokea, hakuna atakayeumia. "Lakini mlango," akasema, "una pande mbili. Anayetoka anaingia mahali pengine, na kule anakoingia kuna watu." Alisema vizuri. Mama Pacha akanong'ona, "Shoga, leo utafungwa."

Nikasimama. Sikumbuki yote. Niliwauliza: nani kati yetu hajauota huo mlango? Niliwaambia kila asubuhi tunameza vidonge kiganja kizima na tunashukuru, tunapimwa na tunashukuru, tunaambiwa upya na tunashukuru, na kwamba mwandishi wa kitabu hakuwahi kulazwa, ndiyo maana anaona kurudi ndani ni jambo zuri. Nikasema wale wanaotupenda hawapo ndani ya ukuta, wapo nje, wanahesabu siku. "Tone hakuwaacha watu wake," nikasema. "Aliwafuata." Hapo Mama Pacha alianza kulia kwa sababu ya mapacha. Nikaona mambo yanakolea, nikamalizia kwa sauti: "Mlango ukiwa wazi, mwanangu, toka! Usisubiri mtu akusomeshe!"

Nilisema "mwanangu" kwa Tone. Namna ya kusema tu.

Makofi. Hata yule mfagizi wa korido alipiga. Tukapiga kura. Mwalimu akaweka zake dirishani, zimepangwa kisigino kwa kisigino. Mimi na Mama Pacha mlangoni. Kinda alikaa na zake mkononi kwa muda, kisha akatembea peku hadi mlangoni akaziweka kwenye mstari, vidole vikiangalia nje. Watatu kwa mmoja. Nilimbusu kichwani.

Mwalimu hakunipa mkono. Nikasema moyoni, hajui kushindwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Kinda hayupo.

Saa ya dawa za asubuhi Sista alikuta mto umefunikwa shuka. Kandambili bado ziko mlangoni pale alipoziweka. Ametoka peku ili zisipige kelele. Fungu la mwisho la kitabu limebaki chini ya mto, halijafunguliwa.

Sista ametuuliza mmoja mmoja kama tulijua. Mama Pacha analia. Mwalimu alisema, "Mimi nilihofu." Hakuniangalia alipokuwa anasema. Angeniangalia ingekuwa afadhali.

Jumanne, 8 Aprili

Nimempigia tangu asubuhi. Mchana amepokea.

"Fundi! Nimetoka." Sauti ilikuwa ya furaha. Sijawahi kumsikia hivyo. "Nimetoka kama Tone."

"Uko wapi, mwanangu?"

"Nyumbani. Mama yuko kazini. Kiduchu kagoma kwenda shule. Amelala hapa, mkono wangu umekufa ganzi." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kile cha chini, nakijua kila kitanda na kikohozi chake.

"Vaa barakoa. Unanisikia? Vaa barakoa, mtoe mtoto chumbani, fungua dirisha. Halafu urudi. Leo. Nitamwambia Sista alete gari."

Nikasikia shuka likivutwa, anamfunika mtoto.

"Kinda, zile dawa haziachwi. Ulimsikia Sista."

"Nilikusikia na wewe."

"Ile ilikuwa sinema! Tulikuwa tunabishana sinema!"

"Wewe ndiye uliyesema tusisubiri."

Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia alichosema Mwalimu, neno kwa neno, mlango una pande mbili, nikakikariri kama mtoto wa shule. Nilimwambia kuhusu Tone kwenye ngazi, kwamba alirudi na ulikuwa mwisho mzuri, kwamba mimi ni mjinga nisiyejua kusoma. Nilipiga magoti pale kwenye mstari mwekundu, simu sikioni.

"Fundi," akasema kwa upole, "juzi ulisema vizuri zaidi."

Akakata. Nilipopiga tena simu ilikuwa imezimwa.

Jumatano, 9 Aprili

Gari la hospitali lilikwenda. Mama yake amesema hawapo, wamekwenda kwa shangazi yao, hajui mtaa. Sista anasema anadanganya. Ni mama, atamkabidhi vipi mtoto wake kwa watu wa gari?

Jumamosi, 12 Aprili

Mume wangu alikuja uzioni. Sikuweza kumpungia.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Dawa. Mvua.

Alhamisi, 17 Aprili

Kitanda cha dirishani hakijapewa mtu. Mvua inakilowesha godoro, na hakuna anayesimama kukisogeza.

Nimemwambia Mwalimu anitukane. Nilikuwa sitanii. Alikuwa anasuka ukili, alivyofundishwa na mfagizi, vidole vyake vinatetemeka kwa dawa.

"Nikutukane nini? Ulisema vizuri."

"Ulinionya."

"Nilikuonya bafuni, kwa nusu sentensi, kwa sababu niliona haya kukuonyesha kwamba naogopa. Miaka thelathini na ushee nimesimama mbele ya watoto. Ningesimama katikati ya wodi nikasema wazi: Kinda, usiende. Badala yake nikasema habari za Tone." Akaweka ukili chini. "Nami nilitaka kushinda, Fundi."

Nililia mpaka barakoa ikawa tope. Huyu mama nilimwona jiwe. Sasa usiku akikohoa nasikiliza mpaka amalize ndipo ninapolala.

Ijumaa, 25 Aprili

Majibu yangu hayapo. Chupa imevuja njiani kwenda maabara, sampuli irudiwe. Mwezi uliopita ningepindua meza. Leo nimesema sawa.

Mlango uko wazi pale pale. Sijausogelea. Nikitoka nitakuwa nimefanya alichofanya yeye; nikibaki, ninakaa na kitanda chake. Sina pa kwenda ndani ya kichwa changu.

Jumamosi, 3 Mei

Mama Pacha amesema, "Labda kapona huko." Amegeukia ukutani.

Ijumaa, 9 Mei

Safi. Ya pili. Daktari amenipa mkono kwa glavu. Wakamilishe karatasi, kisha niende nyumbani, nitaendelea na vidonge kliniki ya mtaani. Mama Pacha amecheza. Mwalimu amesema, "Hongera, mdogo wangu," na ni mara ya kwanza ameniita hivyo.

Nilidhani furaha itakuja baadaye, kama ganzi inavyoisha. Nimesubiri hadi jioni.

Jumatatu, 19 Mei

Kesho. Nimefunga mfuko. Mvua imekatika, jua linapiga kwenye madimbwi ya wodi.

Jumanne, 20 Mei

Naandika nimekaa kwenye benchi la korido, ng'ambo ya mstari. Mume wangu ameenda kutafuta gari.

Kinda amerudi asubuhi. Sista alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Ameisha, mabega yamebaki mifupa, kila pumzi anaivuta kwa kazi. Mama yake alikuwa nyuma, sabuni bado iko kwenye mikono. Na kati yao mtoto wa kike, barakoa ya watu wazima imemfika machoni, nywele zimesukwa vizuri sana.

Nilijua kabla Sista hajasema. Kiduchu amepimwa. Kiduchu ni wetu.

Daktari alieleza korido nzima ikisikia, labda kwa ajili yangu. Alisema haijulikani aliupata lini. Walilala kitanda kimoja miaka na miaka. Huenda alikuwa nao hata kabla dada yake hajaletwa hapa. Haitajulikana. Mwalimu alinishika mkono aliposikia hilo, ili nilishike. Nimejaribu kulishika. Sitajua kamwe, na nitakaa na kutojua huko popote nitakapokwenda.

Nilipiga magoti mbele ya Kinda. Nilikuwa na maneno mengi.

"Usianze, Fundi," akasema. Hakuwa na hasira. "Nilipata wiki sita. Nilimsuka kila siku." Akapumzika, akavuta pumzi. "Hukusema uongo. Ila katika sinema picha inakuwa nyeupe. Mimi haikuwa nyeupe. Ilikuwa inaendelea tu."

Wodi ya watoto wenye ugonjwa huu haipo. Sista akasema Kiduchu alale karibu na dada yake, na kitanda kilicho wazi ni changu. Nikamwambia asimwite mtu wa kutandika. Nikatoa shuka zangu mwenyewe, nikafuta godoro kwa dawa, nikatandika mpya, nikazikunja pembe nne nilivyozoea kukunja pindo, mpaka pakawa pamenyooka kabisa. Kiduchu alisimama kando anaangalia mikono yangu.

"Wewe ndiye Fundi wa kwenye simu?"

"Ndiye mimi. Panda."

Akapanda. Miguu yake haikufika nusu ya kitanda. Akauangalia mfuko wangu begani.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Na mimi lini?"

Mama Pacha alinitazama. Mwalimu alinitazama. Kinda alifumba macho, kama anayesubiri kusikia nitasema nini. Nilifungua mdomo, mimi ambaye msimu mzima sikukosa jibu, nikaufunga, nikakaza kamba za barakoa yake kwa fundo kila sikio mpaka ikamkaa usoni.